Folda ya Afia

Siku ukoo ulipokutana kugawa vitu vya marehemu Twumasi, mjane wake aliomba kitu kimoja tu, na hakikuwa kitu cha kubeba mkononi. Studio yake ya picha ya mtaa wa Asafo ilikwenda kwa Nsiah, mtoto wa dada wa marehemu. Kamera zikamfuata, taa zikamfuata, na ile kompyuta kubwa ya mezani nayo ikamfuata. Kumasi ndivyo ilivyo, mali ya mjomba huishia kwa mpwa, sheria ya serikali iseme itakavyo. Mama Pokuaa alikaa na nguo zake nyeusi hadi wazee walipomaliza kusafisha makoo, kisha akanyanyua mkono.

"Kompyuta chukueni, sina ugomvi. Ila ndani mna folda ya Afia. Hiyo msiiguse. Ijumaa saa kumi nitakuwa nakuja kuitazama, kama nilivyokuwa nikifanya na baba yake."

Mzee mmoja akaguna. Nsiah hakumpa nafasi ya kusema.

"Mama, haitapotea hata picha moja. Naapa kwa Wofa."

Wofa ndivyo alivyomwita mjomba wake tangu utotoni. Na kiapo kile alikitoa kwa moyo safi kabisa, hilo tumpe. Shida ya Nsiah haikuwa moyo. Ilikuwa vidole, vilivyozoea kutangulia kichwa.

Afia alikuwa mtoto pekee wa Twumasi na Pokuaa. Alikufa ana miaka saba, homa ya siku nne, miaka kumi na mitano iliyopita. Kifo cha mtoto mdogo hakiwekewi maturubai wala ngoma; wazee hukimaliza kimyakimya, na mzazi haendi kumzika mwanawe. Pokuaa alifungiwa chumba cha nyuma na wanawake wawili mlangoni, akaambiwa ukilia hutazaa tena. Hakulia, na hakuzaa tena. Aliporuhusiwa kutoka, mtoto alikwishazikwa, na picha zote ukutani zilikwishabanduliwa zikachomwa moto ili asishinde akizitazama. Hata albamu ya ubatizo.

Kile ambacho wazee hawakukijua ni kompyuta. Mumewe alikuwa nazo zote humo. Kila Ijumaa, siku aliyozaliwa yule mtoto, akishusha pazia la duka saa kumi, alimwekea mkewe kiti na kumfungulia. Afia anaoga kwenye beseni. Afia kang'oka meno ya mbele. Afia na kofia ya karatasi siku alipotimiza miaka saba, kashika keki kwa mikono miwili. Hapo Twumasi alikuwa akisema, "Zimekwisha," na kuzima skrini. Miaka kumi na mitano mama yule alimlea mwanawe kwa kiti kile, saa moja kwa wiki.

Sasa, kuhusu majina. Twumasi alikuwa na mtindo wake wa kuweka picha, na kila aliyejifunza kazi kwake aliondoka nao. Jina la ukoo mteja huliandika leo hivi na kesho vile, na nusu ya Asafo ni akina Mensah. Lakini siku aliyozaliwa kila mtu anaijua, na siku ndiyo inayompa jina. Kwa hiyo folda zilikuwa za siku: Kwaku wa Jumatano, Yaa wa Alhamisi, Akosua wa Jumapili, Kofi wa Ijumaa. Na ndani yake picha zikapewa namba kwa mfuatano, Kwaku 1, Kwaku 2, hadi mwisho. Folda ya Afia, jina la msichana wa Ijumaa, ilianza na mwanawe, ikajaa yeye, na alipokufa baba yake akaifunga. Wanawake wote wa Ijumaa waliokuja baadaye aliwafungulia nyingine. Ile ya kwanza ilisimama kwenye mia mbili na kumi na nne.

Nsiah alijifunza kazi palepale, kisha akafungua kibanda chake Tafo. Na yeye akaweka folda za siku. Na yeye akaanza na moja.

*

Alihamia Asafo siku ya Alhamisi, na diski yake ya nje mfukoni yenye kazi ya miaka tisa ya Tafo. Alitaka kila kitu kiwe mahali pamoja kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ni siku ya mabango ya vifo. Kila mwenye msiba wa Jumamosi huja akihema, akitaka marehemu wake ang'arishwe uso na kuchapwa kwa ukubwa wa mlango. Na umeme ulikuwa wa mgao. Ungekatwa saa sita.

Dufie alikuwa mezani kwake akipunguza mikunjo ya bibi mmoja aliyekufa na miaka tisini. Alikuwa amefanya kazi na Twumasi miaka kumi na moja, na ulimi wake ulikuwa sehemu ya samani za duka.

"Unafanya nini, bosi mpya?"

"Naunganisha. Folda zangu naziingiza kwenye za Wofa."

"Zina majina yaleyale."

"Ndiyo uzuri wake. Yaa inaingia kwenye Yaa, Kofi kwenye Kofi. Kompyuta inajua yenyewe."

"Inajua yenyewe! Basi na ikalipie kodi ya duka yenyewe. Nsiah, zibadilishe majina kwanza. Andika Tafo mbele ya kila folda, dakika kumi tu."

"Dada Dufie, dakika kumi sina. Saa sita hawa watatukatia."

"Haya. Mimi nang'arisha maiti tu hapa, nitajua nini."

Kompyuta, tusiionee, iliuliza. Ilisema kuna picha zenye jina hilohilo mahali hapa: nibadilishe, niruke, au nibakize zote mbili? Nsiah alikuwa akiliona swali hilo kila siku ya Mungu. Alipokuwa akimwaga picha kutoka kamera, zile alizokwishazimwaga jana hurudi tena, na jina likiwa lilelile basi na picha ni ileile, hakuna hasara. Jibu lake lilikuwa moja miaka yote tisa. Akaweka alama ya kutaka asiulizwe tena, akabonyeza badilisha zote.

Mstari wa kijani ukatambaa. Saa sita kasorobo ukafika mwisho. Nsiah akajinyoosha, akatuma mtu amletee donge la kenkey na samaki wa kukaanga, akala akitabasamu. Umeme ulipokatika akamwambia Dufie, "Unaona?"

*

Ijumaa asubuhi ilikuja familia ya marehemu fundi saa mmoja wa Bantama, Kwaku kwa siku yake ya kuzaliwa. Picha yake nzuri ilipigwa na Twumasi mwenyewe. Risiti ilikuwa na namba, Kwaku 88. Dufie akaifungua ili aanze kazi. Kwenye skrini akatokea kijana mwenye suti nyeupe na miwani ya jua, kaegemea gari lisilo lake.

"Huyu ndiye marehemu?" Dufie akauliza.

"Huyo hatumjui," akasema binti wa fundi saa.

Nsiah alimjua. Alimpiga picha ile yeye mwenyewe, Tafo, mwaka juzi. Alisogea karibu na skrini, akafungua 87, akafungua 89, akafungua 3. Wote wateja wake wa Tafo.

"Dada Dufie."

"Nimeona."

"Si iliunganisha? Iliunganisha, niliona kwa macho yangu."

"Iliunganisha majina, Nsiah. Watu iliwatoa nje, ikawaingiza wengine. Na wewe ndiye uliyeifungulia mlango."

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilipomjia akakaa juu ya sanduku la taa. Dufie ndiye aliyeinama juu ya kibodi na kuifungua folda ya Afia. Afia 1, bibi harusi wa Tafo. Afia 2, bibi harusi yuleyule kafumba macho. Afia 3, muuguzi, picha ya pasipoti.

"Ewe Mungu," alisema Dufie, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake.

Familia ya fundi saa iliambiwa ilete picha nyingine kutoka nyumbani. Nsiah akaing'oa kompyuta na nyaya zake, akapanda nayo teksi hadi Adum kwa fundi anayesifika kufufua vilivyofutwa. Fundi aliipekua saa tatu nzima huku Nsiah amesimama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Kaka, kilichofutwa tu naweza kukitoa," fundi akasema mwishowe. "Hiki chako hakikufutwa. Kimelaliwa juu na kingine. Hapa pana kipande cha anga, hapa pana kitu kama sikio. Zaidi ya hapo sina, nisikudanganye."

Lilikuwa sikio dogo, na hereni ya dhahabu. Lilibaki sekunde chache kwenye skrini ya fundi kabla halijageuka madoa ya kijivu.

*

Saa tisa na nusu alikuwa amekwisharudi na kuunganisha nyaya. Alikuwa na uongo wake tayari.

"Nitamwambia imeharibika. Iko kwa fundi."

"Wiki hii. Na wiki ijayo?"

"Nitamwambia imeibwa."

"Mwambie hata imepaa mbinguni," akasema Dufie. "Mama yule atakuja tu, na kile kiti atakikalia. Utamtazama machoni Ijumaa ngapi?"

Nsiah alikuwa akiteremka ndani ya folda, akitumaini kitu hata hajui nini. Maharusi, wauguzi, mwanafunzi na joho lake. Kule Tafo alikuwa na picha za akina Afia mia mbili na kumi na tatu. Wofa alikuwa na mia mbili na kumi na nne. Namba ile ya mwisho haikuwa na mwenzake, kwa hiyo haikulaliwa na mtu. Moyo ukamruka. Moja imepona! Akanyoosha mkono aifungue, na mlango wa mbele ukasukumwa.

"Bado hamjanishushia pazia?" aliuliza Mama Pokuaa.

Alikuja na nguo zake za msiba, kajipaka poda shingoni. Alivuta kiti chake mwenyewe, kile cha plastiki chenye ufa, akakiweka palepale kilipokuwa kikikaa siku zote. Dufie akashusha pazia. Nsiah akapiga magoti sakafuni, mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

"Mama, nimekosa."

Alimweleza. Alieleza vibaya, akarudia, akataja diski, akataja umeme, akataja fundi wa Adum. Mama Pokuaa alimsikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayezungumza lugha ya kigeni.

"Fungua nione," akasema.

Akafungua. Bibi harusi.

"Huyu nani?"

"Mteja wangu, Mama."

"Mtoto anaoga kwenye beseni. Ya kwanza ni beseni. Endelea."

Akaendelea. Mama Pokuaa alizijua namba zote kwa kichwa. Akamwambia nenda thelathini na sita, meno. Ikatoka sura ya mwanamke mnene mwenye kilemba. Nenda mia mbili na kumi na moja, keki. Ikatoka pasipoti. Hakupiga kelele. Kwa kila uso mgeni alikuwa akisema tu, "Siye," kwa sauti ya mtu anayetafuta maiti ya ndugu yake hospitalini.

"Imebaki moja, Mama. Moja imepona. Mia mbili na kumi na nne."

"Ziliishia mia mbili na kumi na moja. Baba yake alisema zimekwisha."

Nsiah alikuwa na haraka ya kumpa kitu, chochote. Akabonyeza.

Mtoto alikuwa amelala juu ya kitanda cha shaba, kavishwa gauni jeupe lenye lesi, mikono imekunjwa kifuani. Pamba puani. Nyuma yake ukuta wa nyumba ya bibi yake, na ukingoni mwa picha kivuli cha mtu aliyeinua kamera. Wofa, ambaye naye alikatazwa kwenda, alikwenda. Na alichokiona huko alikikalia miaka kumi na mitano, akizima skrini picha tatu kabla.

Dufie aligeukia ukutani. Nsiah alinyoosha mkono kuifunga, na Mama Pokuaa akamshika kiwiko.

"Acha."

Alisogeza kiti hadi magoti yakagusa meza. Alitazama muda mrefu. Mkono wake uliinuka ukagusa kioo, pale kwapani mwa mtoto.

"Kumbe walimvika hili," alisema. "Niliwaambia kupitia mlangoni. Niliwaambia hilo la lesi linambana, mvikeni la manjano. Hawakunisikia."

Kisha akalia. Kilio alichokatazwa chumba cha nyuma kilimtoka pale dukani, mbele ya mabango ya maiti za watu wengine, kikubwa, kibaya, hadi muuza chipsi wa nje akagonga kuuliza kuna nini. Nsiah alibaki amepiga magoti.

Alipotulia alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Mume wangu alinificha huyu mmoja, akaniachia wale wengine wote," alimwambia Nsiah. Hakumkaripia. "Wewe umewachukua wale wote, ukaniachia huyu."

"Mama, nisamehe."

"Ulikuwa hapa alipokuwa hai. Ulikuwa ukimchezesha hapo mlangoni. Meno yale yaliyong'oka yalikuwa mawili au matatu?"

Nsiah alifumba macho, akatafuta kwa nguvu zake zote. Aliona kofia ya karatasi. Aliona keki. Katikati, palipotakiwa kuwa na uso, palikuwa na gauni jeupe na pamba.

"Sikumbuki, Mama."

"Na mimi naona kama yananitoka kichwani," akasema.

Aliondoka bila kuaga. Wiki nzima Nsiah alijiambia hatarudi tena, na akajiona nusu anaomba iwe hivyo. Ijumaa iliyofuata, saa kumi, mlango ukasukumwa. Mama Pokuaa alivuta kiti chenye ufa, akakaa, akaweka mkoba magotini.

"Nifungulie mwanangu," akasema.

Nsiah akashusha pazia, akamfungulia.