Kipande cha Kichwa cha Symphorien

Jua likielekea kuzama juu ya kambi ya wakimbizi ya Elisabethville, mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge, Adolphine alikuwa anasonga bukari ya unga wa msaada. Mumewe Symphorien, aliyezikwa wiki iliyopita, akaingia hemani akaomba maji baridi ya kujipoza kichwa.

"Mama Mado, kichwa inaniluma," alisema.

Adolphine akampa kitambaa chenye maji. Alikereka kidogo, maana alidhani kifo walau kingemtibu. Jirani yake Clotilde alilalamika kutoka hema la pili kwamba marehemu wengine hurudi kimyakimya, lakini huyu anapiga kite hadi watoto hawalali.

Symphorien akaeleza. Hospitalini, kabla hajavikwa sanda, daktari wa maabara alikata utando unaofunika ubongo wake, akautia kwenye chupa ya dawa. Mbelgiji huyo alikuwa akitafuta chanzo cha maumivu ya kichwa, na kambi ilimpatia maiti bila kuomba ruhusa ya mtu. Sasa kila kisu kilipougusa utando, Symphorien alisikia maumivu.

Kesho yake mke na mume walikwenda hospitalini wote wawili. Adolphine alitaka kitu kimoja tu: kipande kile kizikwe pamoja na mwenyewe, apumzike.

"Docteur, muturudishie ile kipande. Bwana yangu analumwa."

Daktari alifurahi sana. Hakuwahi kupata utando na mwenye utando siku moja. Akamwekea marehemu kiti, akamuuliza maumivu yako upande gani, na kama mwanga unamsumbua. Symphorien akajibu kwa adabu kwamba yalianza siku walipofukuzwa nyumbani kwa kosa la kuwa Wakasai, wageni machoni pa Katanga.

"Basoda balinipiga na kitako ya bunduki. Hapa."

"Ile haiko magonjwa," daktari alisema kwa upole. "Ile ni politiki. Miye natafuta sababu."

Akachungulia hadubini, hakuona kitu. Basi akaahidi kwamba maumivu yakiisha, atarudisha kipande. Na maumivu yasingeisha mpaka kipande kirudi. Adolphine hakuwa mjinga, aliliona hilo palepale. Lakini mwenye nguvu mpishe, na mkimbizi humpisha kila mtu. Kwa hasira akasema asante.

Miezi ikapita hivyo. Kila Jumatatu Symphorien aliketi kwenye benchi la hospitali pamoja na wagonjwa walio hai, na kipande kikazidi kupungua, kikikatwa tabaka nyembamba kama maganda ya kitunguu. Kisha zikapangwa treni za kuwarudisha watu Kasai, nchi ambayo Adolphine, mzaliwa wa Elisabethville, hakuwahi kuiona.

Symphorien alibeba mizigo hadi stesheni, akampakata binti yao Mado kwa muda mrefu. Kupanda alishindwa. Mguu ulifika kwenye kidato cha behewa ukarudi wenyewe, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa bado hospitalini. Mtu wa treni akamwambia asogee, anazuia wenzake.

"Utakuya siku gani, Papa Mado?"

"Kama docteur anamaliza."

Wote wawili walijua kuwa docteur hamalizi. Adolphine akalia pale dirishani bila kujificha. Treni ilipoondoka alimpungia mkono mpaka stesheni ikapotea. Symphorien hakupunga. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kichwa.