Visiki Ishirini na Vinne

Fundi bomba mstaafu alipofika bustanini asubuhi ile, hasira zilimpanda mpaka baridi yenyewe ikamkimbia. Wenye vitalu vya jirani wanaapa kuwa umande ulioganda uliyeyuka hatua tatu kumzunguka.

Kitalu chake kilikuwa kitupu, kimepigwa reki vizuri kuliko ndevu za bwana harusi. Wiki iliyopita alikata vichwa vikubwa vya brokoli, akaacha visiki na majani yake makusudi. Brokoli si kabichi: ukikata kichwa, kisiki huchipua vichwa vidogo vidogo pembeni, ukavichuma msimu mzima wa baridi. Sasa visiki vyote ishirini na vinne vilikuwa juu ya lundo la taka, mizizi nje. Na kando ya lundo, ameegemea reki, alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuja kukaa kwao wiki moja, na huu ulikuwa mwezi wake wa tano.

Shemeji akaeleza kwa furaha kwamba aliona mavuno yamekwisha, akaamua kumsafishia.

"Miezi mitano umelala," fundi akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya. "Siku moja tu unaamka, shemeji, na unaamkia hapa."

Siku yenyewe ilikuwa ya ukaguzi. Mwenyekiti wa bustani hiyo ya pamoja, mama aliyekuwa mwalimu mkuu, hupita na daftari, na kitalu kitupu hupewa mtu mwingine. Fundi alisubiri miaka sita kupewa hicho chake, na tangu astaafu hapo ndipo mahali pekee watu walipomwuliza chochote.

Akaamuru kila kisiki kirudishwe shimoni kabla mizizi haijakauka. Yeye hagusi, aliyeharibu atengeneze. Akakunja mikono, akaanza kumtukana kuanzia kisigino kwenda juu. Alipofika masikioni, shemeji alikuwa kwenye kisiki cha kumi na tisa, vidole vimekuwa zambarau kwa baridi.

Mwenyekiti akatokea, akauliza kitalu ni cha nani. Fundi akasema ni chake. Mama akatazama viatu visafi vya fundi, akatazama tope lililomfika shemeji viwikoni.

"Nimesimama pale getini robo saa nzima, baba. Anayelima nimemwona. Wewe nimekusikia tu."

Akamwuliza shemeji jina, akaliandika daftarini kuwa mwenye kitalu, akaenda zake.

Fundi akafungua mdomo. Matusi yalikuwa yamekwisha, yote alishayatumia.

Shemeji akajifuta pua kwa mkono wa tope. Akakiri kwamba hivyo vichwa vidogo, hajui hata vinatokea wapi. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi.

"Vimebaki vitano, shemeji."

Fundi akapiga magoti huku amefura, akachukua kisiki, akakifukia.

"Taratibu," shemeji akasema. "Unakikandamiza mno."

Fundi akakandamiza zaidi.