Gwaride la Mama Mikate

Fundi alikuwa amepiga goti sakafuni, akikaza skrubu ya mguu wa bandia, simu ilipoita. Alikuwa mama yake, kutoka kwao ng'ambo, na nyuma ya sauti yake bendi ilivuma. Kwao ilikuwa sikukuu ya uhuru. Mama alimwambia kaka zake wote wameshakwenda uwanjani, na sahani ya Fundi mwenyewe imefunikwa mezani. Nani ataila, Mungu ndiye ajuaye.

Fundi akacheka, akaaga, kisha akainamia skrubu ile ile kwa muda mrefu mno.

"Nani amefariki?" akauliza mwenye mguu.

Huyu alikuwa Mama Mikate, mwokaji aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari. Ulimi wake ulikuwa mzima; moyo ndio uliosinyaa. Wiki ya tatu sasa alijikokota katikati ya vyuma viwili sambamba vya mazoezi, asiviachie hata kwa kidole. Fundi, aliyekuja kujitolea hospitalini hapo miezi minane nyuma, alikuwa ameukwangua mguu ule, ameongeza sponji pale kigutu kinapoingia, amebembeleza mpaka maneno yakamwishia. Ijumaa mama huyu angeruhusiwa kwenda kwake, na tanuri lake lilikuwa juu ya ngazi tatu, pasipopanda kiti cha magurudumu.

Fundi akamweleza kuwa hakuna msiba. Ni siku ambayo kwao hupigwa gwaride, na huu ni mwaka wake wa kwanza kulikosa.

Mama Mikate akamtazama. "Umeacha sikukuu yako uje kunishikia mguu, mwanangu. Basi simama, utukague."

Akamwita dereva wa lori na mwalimu, wenzake wa mazoezi, wajipange nyuma yake. Dereva akapindua beseni la plasta, akaligonga kwa mkongojo. Fundi akatoa amri kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyeielewa, wote wakaitii.

Mkono wa kushoto wa Mama Mikate ukaachia chuma. Kisha wa kulia. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mlevi, ya pili ya mtoto. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe.

Vyuma vikaisha, yeye hakuisha. Muuguzi akamfuata mbio na kiti. Mama Mikate akamwambia akae yeye kama amechoka. Akavuka mlango, akashika njia ya uani penye jua, wala hakugeuka.

Fundi alibaki wima, mkono kwenye paji la uso kwa saluti, machozi yakimchuruzika bila kufutwa, akisikiliza mguu ule ukigonga saruji, ukizidi kwenda mbali.