Kikohozi cha Sofanor Chiguay

Boti ya Sofanor Chiguay ilikutwa ikielea mlangoni mwa ghuba, makasia yamelazwa ndani vizuri, msalaba wa kanisa bado umefungwa mbele. Yeye mwenyewe hakuonekana tena. Alikuwa fiskali wa visiwa vile, mtu wa kawaida aliyeachiwa kazi ya kusalisha, kubatiza watoto mahututi na kuzika, maana padri alifika mara moja kwa mwaka, na mwaka wa dhoruba hakufika kabisa. Siku aliyopotea alikuwa anakwenda kuzika.

Pasipo maiti hapakuwa na kaburi. Binti yake Edelmira alingoja ufukweni mpaka watu wakaacha kumletea chakula, kisha akarudi mjini Achao, kwenye kiwanda alikokuwa akipasua samaki, akasema yaliyopita yamepita.

Hayakupita. Baba yake alikuwa na kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja cha kuburuta, alichokitoa mlangoni mwa watu kabla hajabisha hodi, ili wajue ni yeye. Mvua zilipoanza, Edelmira alikisikia nje ya dirisha lake, mchana kweupe. Akafungua. Kichochoro kilikuwa kitupu. Akakisikia kiwandani, nyuma ya bega lake, katikati ya kelele za mashine. Akahama chumba. Nacho kikahama naye.

Alimwendea shangazi yake Otilia, akamkuta anakuna viazi vya kutengenezea mkate.

"Amekuja kunichukua, shangazi."

"Akupeleke wapi? Angetaka kuchukua mtu angeanza na mimi, niliyemnyima shamba." Otilia hakuinua macho. "Umemuuliza anataka nini?"

"Nitaongeaje na maiti?"

"Mbona na samaki unaongea kutwa." Kisha akapunguza sauti. "Kaka yangu hakuwa mtu wa kukohoa ovyo. Ukimsikia, ujue kuna mlango unaosubiri kufunguliwa."

"Nilifungua. Hakuna mtu."

"Basi labda si dirisha lile, mwanangu."

Jumamosi iliyofuata alikuja chumbani kwake binamu yake Lisandro, maji yakimchuruzika kutoka kofia hadi buti. Mzee Clodomiro wa kisiwa cha Llanquil amefariki, alisema. Amelazwa mezani siku kadhaa sasa, na mjane wake amekataa katakata azikwe bila sala, kama mbwa. Padri yuko ng'ambo, bahari haimruhusu kuvuka.

"Wewe unazijua sala zote. Ulikuwa ukimwitikia baba yako tangu hujaota meno."

"Mimi si fiskali."

"Nani kataja fiskali? Nimesema unazijua."

"Tafuta mtu mwingine."

"Nimewatafuta wote. Wewe ndiye wa mwisho, kwa hiyo usijivune."

Edelmira alikuwa anafungua kinywa amkatalie tena, kikohozi kikasikika nje. Viwili vifupi, kimoja cha kuburuta. Lisandro akageuka kuutazama mlango.

"Una mgeni," alisema. Kisha rangi ikamtoka usoni, kwani naye alikuwa amekitambua.

Edelmira akachukua shali yake.

Baharini ukungu uliwafunika. Lisandro alizima injini asikilize miamba iko wapi, na katika ukimya ule wakasikia makasia upande wa kulia, yakipiga maji taratibu, yakienda sambamba nao.

"Unasikia?"

"Nasikia," Lisandro alijibu. "Usiniulize tena."

Nyumbani kwa marehemu wafiwa walikuwa wamechoma majani kuficha harufu, lakini haikufichika. Mjane alimshika Edelmira mikono yote miwili, hakuiachia mpaka watu walipopiga magoti. Sala zikaanza vizuri. Katikati ya litania, yale maombi ya kuitikiana, maneno yakampotea. Akatafuta, hakupata. Jiko la kuni likalia, mtu mmoja akaguna. Ndipo kutoka kwenye benchi la karibu na jiko, ambako hapakuwa na mtu, sauti ya kiume ikatamka ombi lililofuata, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Hakutazama kule. Nywele zilimsimama, lakini alilichukua neno lile akaendelea nalo. Chini ya woga wake palikuwa na kitu kigumu, kama mchanga mguuni mtu anaporuka kutoka botini gizani na kukuta maji si ya kina. Baba yake alizoea kusema, "Sisi tumetumwa, hatukualikwa." Sasa akaelewa kwamba aliyekuwa akimwita miezi yote ile si Sofanor. Sofanor alikuwa mjumbe tu, aliyetangulia kukohoa mlangoni ili aliye ndani ajue kwamba Bwana amefika.

Walimzika Clodomiro mvuani. Edelmira akawaomba waliokuwapo wamsalie baba yake pia, asiye na kaburi, wakamsalia wakiwa wamesimama kwenye matope. Alilia kwa mara ya kwanza tangu boti ile ipatikane.

Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa umeinuka. Kwenye ufukwe wa kisiwa kidogo moshi mweusi ulikuwa ukipanda.

"Wanaita boti," Lisandro alisema. "Lakini wewe kesho una zamu kiwandani."

Edelmira aliutazama moshi. Bado alikuwa anaogopa.

"Geuza."

Mwanamke kijana aliingia majini mpaka magotini kuwalaki, mtoto mchanga kifuani, midomo ya mtoto imegeuka bluu.

"Fiskali ni yupi kati yenu?"

Edelmira alikuwa ameshavua viatu, anashuka.