Kiti cha Mgeni

Mwaka wangu wa kwanza Mbinga sikukosa kiti hata siku moja. Nikiingia kwa jirani, kiti. Nikienda kisimani, mtu ananitolea kigoda nikae huku wenzangu wakiteka maji. Nikifika msibani, wanawake wote wako chini kwenye majani, lakini Mama Hedwiga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ananyanyuka, ananifutia kiti kwa upindo wa kanga yake, naketi juu peke yangu kama picha ya ukutani. "Karibu, Mama Mgeni," wananiambia, kisha wanarudi kwenye Kimatengo chao na vicheko vyao, nami natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Kwetu Pangani tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ziliisha, miezi ikaisha, na hakuna aliyenipa hata mwiko.

Kwa hiyo mume wangu aliporudi na habari kwamba ofisini wamemtaka achague, abaki Mbinga miaka mitatu mingine au arudishwe Tanga, sikuhitaji kufikiri.

"Tanga," nikasema, hata viatu hajavua.

Semboja alikuwa afisa ushirika, na mapenzi yake kwa milima ile yalikuwa ya kuudhi. Alikuwa anaamka alfajiri kutazama ukungu. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anatazama ukungu! Aliketi, kisha akaniambia, "Mama Tima, nina likizo ya siku nne. Niache niwatembeze. Nikikuonyesha kitu kimoja tu cha kukufanya utake kubaki, tunabaki. Nikishindwa, naomba Tanga, na hutanisikia nikilalamika."

"Kimoja?"

"Kimoja."

"Utashindwa," nikamwambia, nikaenda kufunga mizigo nikiimba.

Ilikuwa Machi, mwaka 1973, mvua zikiwa zimekolea. Mtu mwenye akili hatembezi familia wakati ule, lakini likizo haichagui mvua. Hyasinti, rafiki yake aliyekuwa na Landrova kuukuu, alikubali kutuendesha. Shule ikatuazima hema. Semboja aliwahi kuwa skauti, na njia nzima hakuacha kutukumbusha hilo.

Siku ya kwanza tulikwenda Litembo, kwenye miamba. Hyasinti alituingiza pangoni akatueleza jinsi babu zake walivyojificha kwenye mapango kama yale Wangoni walipowajia na mikuki. Tima, mwenye miaka minane, aligusa ukuta kwa adabu. Mdogo wake Shehe akaanza kujificha ili atafutwe. Semboja alikuwa ananitazama mimi, si pango.

"Pango zuri," nikasema. "Ila Amboni kwetu yako makubwa zaidi, na popo wake wanatosha kugawia kila mkoa."

Hyasinti akacheka. Semboja akakunja ramani yake.

Siku ya pili tuliteremka Ziwa Nyasa, tukapiga hema Lipingo kwenye mchanga. Milima ilikuwa imesimama nyuma yetu, na ng'ambo ya maji ilionekana milima mingine, ya buluu. Shehe alikimbilia majini na nguo zake, akanywa funda kwa bahati mbaya, akatoka akipiga kelele, "Mama! Bahari hii wamesahau kuitia chumvi!"

Tulicheka mpaka Tima akakaa chini. Baba yake aligeuka kwangu na uso wa matumaini. "Hicho si kitu kimoja?"

"Hicho ni cha Shehe. Changu bado."

Pale ufukweni nilinunua mbasa wa kukaushwa kwa mama mmoja muuza samaki. Kabla sijainama kuchagua, akanisukumia kigoda. Nikajiambia, kumbe kiti kimenifuata mpaka ziwani.

Siku ya tatu tulifika Liuli kuliona jiwe la Pomonda, limejilaza majini kama simba aliyeshiba. Semboja alieleza kila kitu kwa mikono miwili: watu waliokimbilia huko kujiokoa na vita, Wajerumani na meli yao, Waingereza waliokuja kuipiga pale pale bandarini. Jasho lilikuwa linamtoka. Na kweli, jiwe lilipendeza. Nilikaa nikalitazama muda mrefu mpaka nikasahau kununa.

"Zuri," nikakiri. "Nasema kweli, Baba Tima, ni zuri sana. Lakini mtu hakai Mbinga miaka mitatu kwa sababu ya jiwe lililoko Liuli."

Uso ulimshuka. Niliingiwa na huruma, maana mume wangu nampenda, na nilijua angetimiza ahadi yake bila neno. Lakini nilimkumbuka yule mimi wa msibani, juu ya kiti peke yake, nikaukaza moyo.

Siku ya nne tukapanda kurudi. Kingerikiti tulipita salama, tukabakiza milima miwili tu kufika nyumbani, ndipo Landrova ikateleza, ikaingia mtaroni na kuinamia upande mmoja. Hyasinti alizunguka gari, akatikisa kichwa, akasema upande wa pili wa kilima kuna watu wanalima, anakwenda kuwaita waje wasukume. Akaondoka.

Upepo ulikuwa wa kukata masikio, na wingu jeusi lilikuwa linakuja upande wetu. Kando ya barabara mteremko mzima ulikuwa umechimbwa mashimo ya ngolo, kilimo cha wenyeji, yamepangana safu kwa safu, kila shimo limezungushiwa kingo za udongo mbichi. Semboja alisimama akayatazama kwa furaha.

"Tazama, Mama Tima! Vyumba tayari. Humo upepo haufiki."

"Ni shamba la watu hilo."

"Hatupandi kitu, tunajikinga tu mvua."

Akatandaza hema juu ya mashimo mawili, watoto shimo lao, sisi letu. Vigingi viliingia kwenye zile kingo laini bila hata nyundo. Kisha, kwa kuwa alikuwa skauti, akachukua sepetu ya gari akachimba mfereji kuzunguka hema. "Hema bila mfereji si hema," akatufundisha. Ili mfereji ukamilike ilibidi akate kingo za mashimo ya juu, akazikata, moja baada ya nyingine, huku akipiga mluzi.

Mimi ni mtu wa Pwani, ngolo nilikuwa naziona kwa mbali tu nikiwa kwenye kiti. Sikujua kwamba kila shimo linashika maji yake ili mteremko usishuke na mvua. Na mume wangu, aliyekuwa akiwahutubia wakulima kila wiki kwamba siasa ni kilimo, naye hakujua.

Mvua ilipopiga, mashimo yote ya juu yalimimina maji yao kwenye mfereji wa skauti, na mfereji ukayaleta hemani. Shehe aliona kiatu chake kikielea, akashangilia. Tima akapanda mgongoni kwa baba yake. Mimi nilikuwa nimewakumbatia mbasa wangu kifuani, maji yakinifika kiunoni, nikisema maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Wakati huo huo Hyasinti akatokea na kundi la watu wenye majembe. Waliposimama juu yetu na kuona familia ya afisa imekaa ndani ya bwawa chini ya turubai, walicheka mpaka wengine wakashikilia miti. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Hedwiga, jirani yangu wa kiti. Shamba lilikuwa lake.

Kisha akaona kingo zilizokatwa. Maji yalikuwa yameanza kubomoa safu ya chini yetu, na udongo wake mwekundu ulikuwa unateremka bondeni. Kicheko kikamkauka. Akarukia shambani, akanyakua jembe la mwenzake, akanitupia.

"Wewe! Unasimama nini? Shika jembe, ziba!"

Sijawahi kufurahia kuitwa "wewe" namna ile.

Niliwaweka mbasa juu ya boneti, nikafunga kanga, nikaingia. Nilianza kuvuta udongo kuelekea chini kama tunavyofanya kwenye mpunga, Mama Hedwiga akanipiga kofi mkononi. "Hapana! Toa udongo katikati ya shimo, upandishe ukingoni juu ya majani. Huku udongo haushuki!" Nikapandisha. Kushoto kwangu na kulia kwangu wanawake walichimba, wakanifokea, wakanicheka, wakanionyesha tena. Wanaume walikata majani na kuyalaza mahali kingo zilipobomoka, na Semboja alikuwa miongoni mwao, amepewa mundu, anaelekezwa kama mwanafunzi. Watoto walikanyaga matope kwa kazi yao wenyewe. Mvua ilipokatika, safu zilikuwa zimesimama. Migongo ilituwaka moto sote.

"Mwaka mzima," nikamwambia Mama Hedwiga nikihema, "mbona hukuniita shambani?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Mke wa afisa nimpe jembe? Watu wasingesema nimekudharau? Tuliona unapenda kukaa."

"Nani alikwambia napenda kukaa?"

"Kila tukikupa kiti unatabasamu!"

Nikacheka peke yangu, kisha naye akaelewa, tukacheka wote wawili hadi majembe yakatudondoka.

Landrova ilisukumwa mara moja tu ikatoka. Lakini hatukuachwa kuondoka. Jioni ile ukoo wa Mama Hedwiga ulikuwa unakula pamoja uwanjani kwa baba mkwe wake, Mzee Osward, kama desturi yao wanayoiita sengu, na waliolima hawaendi nyumbani na njaa. Tulimpa mzee shikamoo tukiwa na matope mpaka nyusi, akapokea bila kushangaa. Mbasa wangu waliingia chunguni na maharage yao. Waliokunywa pombe walikunywa, sisi tukaletewa togwa.

Wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Binti mmoja, Ida, aliponiona nakuja alikimbilia ndani, akatoka na kiti, akaanza kukifuta.

"Kiti cha nini?" Mama Hedwiga akamfokea. "Huyu ametoka kulima. Sogeeni, Mama Tima akae."

Wakasogea. Nikakaa chini, nikabanwa goti kulia na goti kushoto, mkono wangu ukaingia kwenye sinia pamoja na mikono yao. Kimatengo chao sikukielewa zaidi ya jana yake, lakini kila waliponitaja na kucheka, mtu mmoja alinitafsiria. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya kutaka kulia.

Tulipofika nyumbani Semboja aliketi mlangoni akivua viatu vilivyojaa matope. Alivua taratibu.

"Basi, Mama Tima," akasema. "Ahadi ni ahadi. Pango limeshindwa, ziwa limeshindwa, jiwe limeshindwa. Kesho nitawaambia ofisini ni Tanga."

"Kesho usiende ofisini kwanza," nikamwambia. "Pitia dukani. Alhamisi tunalima kwa kina Ida, na Mama Hedwiga amesema kila mtu aje na jembe lake."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi, ananitazama kama alivyokuwa akitazama ukungu.

"Na lisiwe dogo," nikasema. "Litanitumikia miaka mitatu."