Mzee Anayenyolewa Kila Asubuhi

Mama huuhesabu umri wa mwanawe kwa siku ya mwisho aliyomwona, na hapo ndipo Mwanamwema alipokosea. Sheikhan aliondoka Mombasa ana miaka ishirini na miwili, na nywele nzito za kuvunja vitana. Miaka tisa ikapita. Mwana kakwama Uholanzi bila karatasi. Mama kaletwa Springfield, Virginia, huko Marekani, na binti yake, karatasi zake za ukaazi zimelala ofisini, hawezi kusafiri. Kati yao ilibaki kadi ya simu tu.

Na kitendawili. Siku Sheikhan alipopata kibarua cha kukata majani kwenye uwanja wa kriketi, alipiga simu kwa furaha.

"Mama, kitendawili!"

"Tega."

"Nina mzee wangu, namnyoa kila asubuhi, kesho yake nywele zimerudi."

Jibu Mwanamwema alilijua papo hapo. Lakini alinyamaza. Kitendawili kikiteguliwa kimekwisha, na aliyemaliza kutega huaga. Basi kila Jumapili mwana husema, "Mama, umeshindwa, nipe mji," na mama hujibu, "Ngoja, bado nafikiri." Huu mwaka wa nne anafikiri.

Mwaka wa tisini na tisa, Kombe la Dunia la kriketi likachezwa Uingereza, ila mechi ya Kenya na Afrika Kusini ikapelekwa Uholanzi, kwenye uwanja uleule wa Sheikhan.

"Mama, timu zikibadilishana zamu, sisi ndio tunaingia na rola kulaza ardhi. Picha sijakutumia, nasubiri ninenepe kidogo. Lakini hapo utaniona."

Jumatano ya mechi, baada ya sala ya alfajiri, Mwanamwema alijitanda leso mpya, akamshika mkono mjukuu wake Nuha, wakaenda nyumba ya tatu kwa Faisal, dereva wa teksi mwenye dishi kubwa. Kabeba mahamri na chupa ya chai. Ungedhani anakwenda kuposa.

Walimkuta Phineas, muuguzi aliyetoka zamu, kajilaza kwenye kochi.

"Mama, huu mchezo huisha lini? Wamekunywa maji mara mbili, na goli sijaona hata moja."

"Kula mahamri unyamaze," Faisal akamwambia. "Nyinyi watu wa bara mwajua kukimbia tu. Kungoja hamjui."

Mwanamwema hakuwa na haja na mpira. Alitazama majani. Yalilala mistari mistari, kama kanzu iliyopigwa pasi. Kazi ya mkono wa mwanangu ile, alijiambia, akapitisha kiganja juu ya kioo cha televisheni. Kilikuwa na joto na vumbi.

Vijana wa Kenya wakatolewa wote mapema, ikawa ni kubadilishana zamu. Faisal akasonya, akaichukua rimoti atafute habari.

"Wewe Faisal! Ukiibonyeza hiyo, mahamri yangu yarudi chini ya kawa!"

Rola ikaingia. Mzungu mrefu ndiye aliyeiendesha. Nyuma yake wakaja wawili wenye makoti ya kijani: kijana mweusi mwenye nywele timtim, na mtu wa makamo, upara unang'aa, akiinama kila hatua mbili kupapasa ardhi.

"Huyo! Nuha, muone mjomba wako! Tazama nywele zile!"

Mwanamwema akacheka huku machozi yanamtiririka. Lakini yule mwenye upara akasogea mbele, akasimama katikati ya kioo, akainua mkono.

"Na huyu mzee naye atupishe! Anatuziba!" Mwanamwema akalalamika.

Yule mzee hakupisha. Alisimama vile vile, mkono juu, mpaka yakaja matangazo ya sabuni.

Mchana simu ikalia.

"Mama, umeniona? Nimesimama mbele ya kamera hata msimamizi akanifokea! Nimekupungia!"

"Nimekuona, mwanangu. Nywele zako bado nzuri."



"Mama, yule ni Ferdinand, kijana wa Surinam. Mimi nywele ziliniisha zamani."

Mwanamwema akakaa chini polepole. Nuha, aliyekuwa kando akisikiliza, alifungua mdomo. Bibi akamtazama, naye akaufunga. Lile neno la kupisha halikuvuka bahari.

"Mama, upo?"

"Nipo. Nimeshindwa, baba. Nakupa mji."

"Leo? Mji gani?"

"Nakupa Springfield."

Mtegaji akipewa mji, sharti auendee kwa maneno na kusimulia alivyofika, ndipo atoe jibu. Sheikhan alikohoa kidogo.

"Haya. Nimekwenda Springfield," alianza, sauti ikikwaruza. "Nimefika nimekuta mlango... una rangi gani, mama?"

"Mwekundu."

"Nimekuta mlango mwekundu. Nimebisha hodi."

Aliyeshindwa hutakiwa anyamaze, asikilize. Mwanamwema hakuweza.

"Karibu. Vua viatu, zulia la dadako hilo."

"Nimevua. Nasikia harufu ya iliki."

"Ni chai. Kaa hapa chini, karibu na miguu yangu. Inamisha kichwa nikuone."

"Nimeinamisha, mama."

Mwanamwema akanyoosha mkono, akapitisha kiganja hewani taratibu, kutoka utosini mpaka kisogoni.

"Sasa jibu lenyewe, mama, yule mzee ninayemnyoa..."

"Usiliseme," akamkata. "Ndiyo kwanza umeingia."