Rangi Alizoziona Mjomba

Mjomba alikuwa amechoshwa na kompyuta, na alipochoshwa na kitu hakuwa mtu wa kukificha.

"Mpwa wangu," alisema, akisukuma kiti nyuma, "wapigie simu wale watu wa ofisini. Waambie jaribio la Jumatatu nimeghairi."

Mpwa wake, binti aliyejenga tovuti ya kufundisha watu kuandika programu, hakuigusa simu. Alijua uzito wa jaribio lile. Mjomba alikuwa fundi bomba maisha yake yote, hadi magoti yalipomkatalia kujikunja chini ya masinki ya watu. Ofisi moja ilikubali kumpokea ajifunze kazi mpya, mradi aonyeshe kwamba anaweza kuandika programu fupi na kurekebisha makosa yake mwenyewe. Akiikosa nafasi hiyo, kilichobaki ni kukaa nyumbani na kugombana na redio.

"Shida nini, Mjomba?"

"Shida hii hapa." Alikigonga kioo kwa kidole kinene. "Kila kitu kijivu! Sijui amri iko wapi, maelezo yako wapi. Nikikosea kidogo tu, natafuta mpaka macho yanatoa machozi."

Binti akaona haya, maana mzee alisema kweli. Masomo yake yalikuwa mazuri, lakini misimbo, yaani yale maagizo yanayoandikiwa kompyuta, ilikaa pale kama nguo zilizofuliwa pamoja zikachujukiana. Wenzake wote wa fani walikwisha kuipaka misimbo yao rangi. Yeye kila siku alisema kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lililoumia lilikuwa la mjomba.

"Nipe hadi mchana," alisema. "Ukiwa bado unataka kughairi, simu nitapiga."

Akaketi. Alichukua programu ndogo iliyokwisha kutengenezwa, inayosoma msimbo na kupambanua sehemu zake, akaiunganisha na tovuti pamoja na kisanduku ambamo wanafunzi huandika mazoezi. Amri akazipa rangi nyekundu, na maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu akayapa kijani. Alipoufungua ukurasa upya, msimbo ulimeremeta, naye akapiga makofi peke yake kama mwendawazimu.

Mjomba akaitwa. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Safi sana. Hongera, mwalimu." Kisha akafanya zoezi, akakosea palepale alipokosea asubuhi, akalitafuta kosa asilione.

"Si unaona? Kibovu ni kichwa changu. Piga simu."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akashindwa kujizuia. "Kwani umempakia rangi gani?"

"Nyekundu na kijani, Anti."

Mama yule alicheka hadi vikombe vikalia. "Nyekundu na kijani! Huyu? Huyu nikimtuma nyanya zilizoiva ananiletea mbichi, tena anaapa!"

"We mama!" Mjomba alifoka. "Hayo mambo ya ndani."

"Ya ndani wapi, na muuza nyanya anajua?"

Binti akamgeukia mjomba wake. "Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alikoroga chai isiyokuwa na haja ya kukorogwa. "Ulikuwa umefurahi mno. Ningekwambiaje kwamba sioni tofauti?"

Maneno hayo yalimchoma binti. Yeye mtaalamu mzima alishona nguo bila kumpima mvaaji! Akarudi kazini, na safari hii mvaaji akakaa ubavuni pake. Amri zikawa buluu, tena kwa herufi nene. Maandishi ya ndani ya nukuu yakawa rangi ya machungwa.

"Hizi unazitofautisha?"

"Hizo naziona."

"Na hii ya maelezo?"

"Hiyo inafanana na ile. Badili."

Akabadili. Wakabishana juu ya buluu hadi chai ikapoa, mwisho mzee akasema, "Haya, sasa niachieni."

Akaanza kuandika. Alikuwa hajafika mbali pale mistari yote ya chini ilipogeuka rangi ya machungwa kwa mkupuo mmoja. Binti aliliona kosa, akajiuma ulimi.

"Hee!" Mjomba aliganda. "Inavuja!"

"Nini kinavuja?" mkewe aliuliza, akitazama dari.

"Rangi! Imetoka huko juu ikateremka mpaka chini. Ikivuja hivi, kuna mahali hapajafungwa."

Akaifuata kwa kidole, akipanda mstari kwa mstari kama anayefuata unyevu ukutani, hadi pale ilipoanzia. Alama ya kufungua nukuu ilikuwapo. Ya kufunga haikuwapo. Akaitia. Papo hapo machungwa yakarudi mahali pake, buluu ikajitokeza, na programu ilipoendeshwa ikaitika bila ubishi.

Mkewe akapiga kigelegele. Binti aliruka, akamkumbatia mzee na kiti chake. Mjomba mwenyewe hakuwa na nafasi ya kukumbatiwa: alikuwa ametia kosa jingine kwa makusudi, akalikamata, akatia lingine, akicheka kama aliyemfumania mwizi wa kuku.

Hatimaye akainua kichwa. "Mpwa wangu, wapigie simu wale watu wa ofisini."

Binti akaishika simu shingo upande. "Nighairi, Mjomba?"

"Ughairi nini? Waulize kwa nini tungoje Jumatatu, na mimi leo niko tayari!"